Kilichorushwa Hewani Kimetokea

Nchi hii haikuwako zamani za kale, na wala haiko mbali. Ina bendera, wimbo wa taifa, uwanja wa ndege na tamthilia moja.

Tamthilia hiyo inaitwa Nyumba ya Bwana Kheri. Hurushwa kila Alhamisi jioni, moja kwa moja, bila kurekodiwa, kwa sababu Mlezi Mkuu wa Nchi anaamini kwamba kitu kilichorekodiwa kinaweza kubadilishwa baadaye, na yeye hapendi mambo yanayobadilika. Ilianza mwaka aliposhika madaraka. Watu wenye mvi wanaoitazama leo walianza kuitazama wakiwa wamepakatwa na mama zao.

Mambo mengine ya nchi hubadilika kwa utulivu. Mlezi Mkuu amezaliwa katika wilaya tatu, na kila wilaya ina jumba la makumbusho lenye kitanda alichozaliwa juu yake. Vita vya ukombozi vilidumu mwaka mmoja katika vitabu vya darasa la nne na miaka tisa katika vitabu vya darasa la saba, ili mwanafunzi akue pamoja navyo. Daraja la Mto Mkuu limezinduliwa mara nne, na wananchi huvuka kwa mtumbwi chini ya mahali litakapokuwa. Hakuna anayeuliza. Wageni hudhani ni woga. Si woga. Maswali yote ya nchi hutumika kwenye tamthilia, na baada ya hapo hayabaki mengine.

Mwaka fulani mtungi wa maji wa Bwana Kheri, ambao siku zote ulikaa upande wa kulia wa mlango, ulionekana upande wa kushoto. Simu za kituo cha televisheni zilizidiwa zikakatika. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana na bango lililouliza NANI ALIUSOGEZA?, na polisi wakawasindikiza na kuwagawia maji ya kunywa. Waziri wa Habari akajiuzulu. Alikuwa waziri wa kwanza kujiuzulu katika historia ya nchi, kwa sababu yoyote ile. Mlezi Mkuu aliguswa na ukomavu wa wananchi wake, akaunda Wizara ya Mwendelezo, akaipa jengo ambalo lilikuwa likijengwa kuwa hospitali ya rufaa. Wizara ilianza kazi kwa kupitisha sheria yenye sentensi moja: Kilichorushwa hewani kimetokea.

Tangu siku hiyo mtungi haujasogea.

*

Bwana Kheri aliigizwa na Idrisa Pazi, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzuri na kumbukumbu ya wastani. Mke wa Bwana Kheri, anayeitwa Mama Zuhura, aliigizwa na Hidaya Kisoma, ambaye alikuwa pia mke wa Idrisa nyumbani. Mwanzoni walikuwa mume na mke hewani tu. Walioana baadaye, kwa ushauri wa Wizara, iliyoona ni usumbufu kwa wananchi kumkuta Bwana Kheri akichagua nyanya sokoni na mwanamke asiyejulikana. Ndoa yao ilikuwa njema. Hilo halikutokana na Wizara.

Alhamisi moja Hidaya alishikwa na malaria. Haikuwa kali. Mwongozaji wa tamthilia alibadilisha kidogo mazungumzo ya siku hiyo: jirani angeuliza Mama Zuhura yuko wapi, na Bwana Kheri angejibu kwamba amekwenda kijijini kumwona mama yake mzazi. Basi.

Jioni ikafika, taa nyekundu ya kamera ikawaka, jirani akauliza kama alivyofundishwa.

"Mbona nyumba kimya leo, Bwana Kheri? Mama Zuhura yuko wapi?"

Idrisa alifungua kinywa kujibu, na papo hapo akaingiwa na shaka. Mama yake Mama Zuhura yuko hai? Je, hawakumzika katika kipindi kimoja cha miaka ya nyuma, kile chenye mvua nyingi? Kwa hakika aliyezikwa wakati wa mvua alikuwa shangazi wa muuza mkaa, lakini Idrisa hakuweza kulikumbuka hilo mbele ya taa nyekundu. Alichokumbuka ni mtungi. Alijiona akimtuma mkewe kumtembelea marehemu, simu zikikatika, mabango yakinyanyuliwa. Akatafuta haraka jibu ambalo haliwezi kupingana na jambo lolote lililowahi kurushwa. Akalipata.

"Mama Zuhura hatunaye tena," alisema. "Tulimzika juzi."

Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa kimwendelezo. Mama Zuhura hakuwa amewahi kuzikwa.

Kabla kipindi hakijaisha redio ilikuwa imeanza kupiga nyimbo za maombolezo. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Mlezi Mkuu alijitokeza kwenye televisheni akiwa na leso, akasema taifa limepoteza mama, na akalia. Tena alilia kweli, kwa maana alikuwa akimpenda sana Mama Zuhura, hasa alipomkemea mumewe.

Hidaya aliyasikia yote akiwa kitandani, na kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Alidhani ni homa. Kisha jirani yake wa kweli, Bi. Tabu, ambaye walikuwa wakichotea maji bomba moja, akafika mlangoni amejitanda khanga.

"Hodi! Hodi, wafiwa!"

"Karibu, Tabu," Hidaya akajibu kutoka kitandani. "Ingia tu."

Bi. Tabu akaingia, akasimama, akautazama ukuta.

"Shoga, usinisemeshe," akanong'ona. "Nimekuja msibani."

"Msiba wa nani? Si mimi huyu hapa?"

"Ndiyo maana nakwambia usinisemeshe. Mimi nina watoto."

"Haya. Basi nipe maji, nakufa kwa kiu."

"Usiseme hivyo, watasikia!" Bi. Tabu akamimina maji kwenye kikombe, akakiweka sakafuni mahali ambapo mkono wa mgonjwa ungefika. "Nayaacha hapa. Nayaacha tu, simpi mtu."

Akalia kidogo, machozi ya kweli, akaenda zake. Ndiye jirani wa mwisho aliyezungumza na Hidaya katika mtaa ule.

*

Alipopata nafuu Hidaya alikwenda Wizara ya Mwendelezo kuonana na Katibu Mkuu, Daktari Ludoviko Nzota. Huyu ni msomi ambaye tasnifu yake ilihusu vifungo vya mashati katika tamthilia za vipindi mia na zaidi. Alimpokea kwa heshima, amesimama.

"Mama, kwanza pokea pole za Wizara kwa kifo chako."

"Ahsante, Daktari. Ila mimi ni mzima."

"Hakuna anayebisha. Kiafya u mzima, na tunafurahi. Tunachozungumzia hapa ni mwendelezo."

"Sikuja kubishana na mwendelezo wenu. Nimeleta ombi moja. Alhamisi ijayo Idrisa aseme, kwa kinywa kile kile: 'Nilikosea. Mama Zuhura yu hai.' Sentensi mbili fupi. Hata watoto wataelewa."

Daktari Nzota aliketi. Alionekana mtu mwenye huruma, na pengine alikuwa nayo.

"Mama, Mlezi Mkuu alilia. Machozi yake yalirushwa hewani, kwa hiyo yalitoka. Ukiwa hai, yalitoka kwa sababu gani?"

Katika nchi ile hakuna mtu ambaye angeweza kulijibu swali hilo.

"Hatuko hapa kumkomoa mtu," Daktari akaendelea, akiinua sauti kidogo kana kwamba kuna kamera. "Serikali hii sikivu inatambua kwamba marehemu naye ni raia. Utaishi. Utakula. Utapumua bila kikwazo chochote. Tunachokuomba, kama mzalendo, ni usionekane. Na ikitokea bahati mbaya ukaonekana, wananchi tumekwishawaelekeza wasikuone."

"Na mume wangu?"

"Mgane?" Daktari akafikiri. "Mgane anahitaji faragha. Tutampa nyumba ya serikali mjini."

Hivyo ndivyo Hidaya Kisoma alivyopewa hadhi ya Marehemu Anayeishi, ya kwanza kutolewa nchini, pamoja na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa maonyesho ya wakulima. Uwanja huo hujaa watu, ng'ombe na matrekta kwa wiki moja kila mwaka. Wiki zilizobaki huwa na mabanda matupu, nyasi ndefu, na kibao cha bati kinachosema KARIBUNI BANDA LA MBEGU BORA.

*

Wananchi walitekeleza maelekezo vizuri mno. Katika nchi ambayo amri nyingi hupuuzwa, hii ilifuatwa hadi vichochoroni, kwa kuwa watu waliipenda tamthilia kwa dhati na hawakutaka kuiharibu.

Sokoni, muuza nyanya alimsukumia Hidaya fungu lake huku akizungumza na mteja mwingine juu ya hali ya hewa. Fundi cherehani aliyekuwa akimshonea magauni tangu ujana wake alianza kusafisha miwani kila alipopita. Kwenye foleni ya zahanati watu walimwachia nafasi mbele na nyuma, kama mahali palipomwagika kitu. Siku moja mtoto mdogo, ambaye bado hajafundishwa, alimwambia "Shikamoo" njiani. Hidaya akajibu "Marahaba, mwanangu" kwa haraka, kabla mama wa mtoto hajamvuta mkono. Alirudi nyumbani na maamkizi hayo, akayafikiria hadi yakachakaa.

Alipika kwa watu wawili kwa mazoea, kisha akala kiporo kesho yake. Redio aliizima, kwa sababu ilimtaja mara kwa mara na kwa wema. Baada ya muda alianza kubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe kila aliporudi kutoka sokoni. Alibisha, akangoja kidogo kama inavyotakiwa, akaitikia "Karibu" akiwa bado nje, ndipo akaingia. Sitaki kukuza jambo hili. Ni utaratibu tu aliojiwekea ili sauti isije ikaota kutu.

Alhamisi alitazama tamthilia. Aliona kaburi lake, lililojengwa vizuri kuliko nyumba aliyopewa, na aliona Idrisa akililia kaburi hilo. Alilia kwa namna ambayo hakuwahi kulia katika miaka yote ya kazi. Wahakiki waliandika kwamba amekomaa.

Mwanzoni Idrisa alikuja kumwona, akipitia kwenye mabanda ya ng'ombe ili asionekane.

"Alhamisi hii utasema?" Hidaya aliuliza akimpakulia wali.

"Nitasema. Wallahi nitasema."

"Hata Alhamisi iliyopita uliapa."

"Neno lilishafika hapa." Aligusa koo. "Hapa hapa, Hidaya. Kisha nikaiona ile taa nyekundu."

"Taa tu, Idrisa? Taa inakuuma?"

"Wewe hujui. Ukiwa pale unaona nchi nzima imekaa inangoja ukosee."

"Ulishakosea, mume wangu. Hiyo imepita. Sasa wanangoja urekebishe."

"Hawangoji," Idrisa alisema. "Wameshazoea."

Siku nyingine alikula, akaweka kijiko chini, akasema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mwenyeji wake: "Wali mtamu. Ila marehemu mke wangu alikuwa akizidisha tui kidogo."

Wote wawili walilisikia neno hilo, marehemu. Idrisa aliutazama mkono wake kana kwamba ndio uliosema. Hidaya hakulia wala hakumkemea. Alisema tu, "Nitazidisha safari ijayo." Safari ijayo haikuwapo. Idrisa hakukatazwa kurudi; ninalisema hili kwa kuwa baadhi ya watu huilaumu Wizara kwa kila kitu.

*

Miaka ikaenda, na Mlezi Mkuu akazeeka, ingawa si rasmi. Jioni moja, tamthilia ilipokwisha, aliwageukia wasaidizi wake.

"Yule mama aliyekuwa akimkemea Kheri. Mbona simwoni?"

"Mheshimiwa, alifariki. Ulihutubia maombolezo yake."

"Najua alifariki, mimi si mtoto. Nauliza mbona simwoni."

Swali hilo lilipelekwa Wizarani likiwa na mhuri wa haraka, na Wizara ikaitisha Kongamano la Taifa la Mwendelezo. Wajumbe walikaa katika ukumbi ambao ungekuwa wodi ya wazazi. Kwa mara ya kwanza nchi ilijadili hadharani swali lililokatazwa: je, ni lazima tamthilia ndefu isijipinge hata mara moja?

Upande wa kulegeza ulisemewa na Profesa Eufrasia Tindwa, mwanamke mfupi aliyefundisha fasihi na ambaye hakujua kunyamaza.

"Waheshimiwa, kila bibi anayesimulia wajukuu hadithi hukosea," alisema. "Jana sungura alikuwa na ndugu wawili, leo ana watatu. Mjukuu anacheka, anasema, 'Bibi, jana ulisema wawili!' Bibi anajibu, 'Kumbe? Basi ni wawili,' na hadithi inaendelea. Hakuna aliyeumia. Kinachomleta mjukuu kesho si hesabu ya ndugu wa sungura. Anamtaka sungura. Sisi tulikuwa na mama mmoja ambaye watu walimpenda. Tumemzika kwa sababu mtu alisahau mstari mmoja. Halafu tunalinda mtungi! Semeni tu 'tulikosea'. Watazamaji watafurahi, na Alhamisi itafuata Jumatano kama kawaida."

Watu wachache walipiga makofi, kisha wakaangaliana, wakaacha.

Daktari Nzota akasimama. Hakupandisha sauti.

"Nakubaliana na Profesa katika kila neno linalohusu hadithi," alisema. "Naomba nimuulize moja tu. Alhamisi mwananchi amesikia televisheni ya taifa ikisema 'tulikosea'. Ijumaa anaamka, anachukua mzigo wake, anafika mtoni kuvuka kwa mtumbwi. Atakuwa anafikiria nini?"

Mjumbe mmoja alinyanyuka akafunga dirisha.

Kongamano lilipitisha kwa kauli moja kwamba mwendelezo mkali ni uhai wa taifa. Profesa Tindwa alishukuriwa kwa mchango wake, akateuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo bado inatafutwa.

Lilibaki swali la Mlezi Mkuu, na Daktari Nzota alilitatua kwa ustadi. Hidaya Kisoma angerudi kwenye tamthilia akiwa mtu mwingine: mpangaji mgeni katika nyumba ya Bwana Kheri, anayeitwa Bi. Sikitu, kutoka wilaya ya mbali, asiye na undugu wala ujirani na mhusika yeyote aliyewahi kutajwa. Wananchi wangeombwa wasione mfanano.

Daktari aliona pia hatari ambayo wengine hawakuiona. Kipindi ni cha moja kwa moja. Kitakachosemwa kitakuwa kimetokea. Mpangaji huyo akifumbua kinywa mbele ya kamera na kusema "Mimi ndiye Mama Zuhura," basi kwa sheria ya nchi yeye ndiye, na Wizara nzima haitaweza kufanya lolote. Kwa hiyo Bi. Sikitu aliandikwa kuwa bubu.

*

Daktari Nzota alikwenda mwenyewe nyuma ya uwanja wa maonyesho kumpa Hidaya habari. Alibisha hodi. Hidaya alichelewa kufungua. Alidhani ni yeye mwenyewe.

Alisikiliza yote hadi mwisho.

"Kwa hiyo nitaonekana," akasema, "ila sitasikika."

"Mambo huenda hatua kwa hatua, mama."

"Idrisa atakuwepo?"

"Atakukaribisha nyumbani kwake. Mtasimama hivi, uso kwa uso."

Hidaya akatazama nje, kwenye mabanda. Ombi lake halikuwa limebadilika hata neno moja: sentensi mbili fupi, kwa kinywa kile kile. Sasa kinywa hicho kingekuwa mbele yake, hewani, karibu kiasi cha kukigusa.

"Nimekubali," alisema.

Akapewa kitambulisho cha Bi. Sikitu na picha yake mwenyewe. Tangazo likatolewa, na siku hiyo hiyo soko zima likamwona. Sijui niliandike vipi bila kuonekana natia chumvi: walimfurahia. "Karibu mgeni!" muuza nyanya akapaza sauti, akamjazia kapu, akimwonyesha kwa vidole ubora wa kila nyanya. "Utatuzoea, mama! Mji huu hauna baya!" Fundi cherehani akavaa miwani, akampima mabega upya, akashangaa kwa sauti jinsi alivyopatia vipimo mara ya kwanza. Bi. Tabu alikuja na sahani ya maandazi, akaeleza kwa ishara kwamba yeye ni Tabu, kwamba mtaa wake uko kule, na kwamba hapo awali aliwahi kuwa na rafiki. Ishara ya rafiki ilimchukua muda kuipata.

"Tabu," Hidaya akasema.

Bi. Tabu akatabasamu kwa huruma, akapiga sikio lake kidogo kuonyesha kwamba hakuna kitu kinachosikika, akamwachia sahani.

Alhamisi ikafika. Katika chumba cha kupaka poda Idrisa alikuwa amekaa mbele ya kioo, mzee zaidi kuliko anavyoonekana kwenye televisheni. Hidaya akasimama nyuma yake. Waliokuwamo chumbani wakajishughulisha na mambo mengine.

"Idrisa. Mimi mdomo wangu wameuchukua. Umebaki wako."

Idrisa aliitazama sura ya mkewe kwenye kioo.

"Nitasema," alijibu.

"Usiitazame taa. Nitazame mimi."

*

Nchi ilikaa. Mlezi Mkuu alikuwa kwenye kiti chake na blanketi magotini.

Bi. Sikitu aliingia uani kwa Bwana Kheri na kifurushi kichwani, akakitua, akasimama. Bwana Kheri alitakiwa kusema: "Karibu, mgeni. Chumba chako ni kile pale." Ilikuwa sentensi rahisi, na safari hii aliikumbuka vizuri. Hilo alilithibitisha mwenyewe baadaye mbele ya tume iliyoundwa kuchunguza kipindi hicho.

Hakuisema. Alimtazama mwanamke yule. Kimya kikapita, kirefu kuliko kimya chochote kilichowahi kurushwa. Mwigizaji wa jirani akakohoa kumsaidia. Mwongozaji aliweka kidole kwenye kitufe. Idrisa hakuitazama taa. Alimtazama mkewe, kama alivyoambiwa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile ya malaria hakuiona nchi. Alimwona yeye tu, nywele zilizoingia mvi bila Idrisa kuwapo.

"Hidaya," akasema.

Kisha tena, kwa sauti ambayo haikuwa ya Bwana Kheri na ambayo watazamaji hawakuwahi kuisikia: "Hidaya. Hidaya, nisamehe."

Hidaya akafumbua kinywa. Mwongozaji akabonyeza kitufe, na picha ya bendera ikapepea hadi muda wa kipindi ulipokwisha.

Ukweli wa jambo hili ni mfupi. Lau Idrisa angesema "Mama Zuhura", sheria ingemlazimisha Daktari Nzota kumfufua usiku ule ule, na kubomoa kaburi kwa gharama za serikali. Lakini Idrisa alimwona mkewe, akamwita kwa jina la mkewe. Jina hilo halikuwa limewahi kutajwa katika tamthilia hata mara moja. Kwa hiyo halikupingana na kitu.

Asubuhi Wizara ilitoa taarifa. Imethibitika kwamba mpangaji bubu wa Bwana Kheri anaitwa Hidaya. Jina Sikitu lilitumika kimakosa katika maandalizi tu, hivyo halijatokea. Wizara inampongeza Bwana Kheri kwa unyenyekevu wa kumwomba mgeni msamaha wa nyumba isiyofagiwa.

Hidaya alipewa kitambulisho kipya. Kilikuwa na picha yake na jina lake. Wilaya ya kuzaliwa ilikuwa ya mbali, mahali ambapo hajawahi kufika. Penye wazazi paliachwa wazi, na penye mume pia. Alikisoma dirishani kwa karani, kijana mwenye adabu.

"Na Hidaya Kisoma je?" akamuuliza.

Karani aliitazama midomo yake ikisogea. Akasikitika kwa dhati.

"Mikono, mama," alisema polepole, akimwonyesha kwa vidole. "Tumia mikono. Sikusikii."

Siku hizi nchi nzima inalijua jina lake. Watoto humwita wakimkimbilia, "Hidaya! Hidaya!", kisha wanapunga mikono kwa nguvu ili aelewe. Mlezi Mkuu ameridhika, ingawa huuliza mara moja moja kwa nini yule mama hakemei tena.

Juzi Idrisa Pazi alikutana naye sokoni mchana, mbele ya watu wote. Kanuni hazimzuii tena. Mwenye nyumba anaruhusiwa kumsalimu mpangaji wake. Akasimama. Akavua kofia.

"Hujambo, Hidaya?"

Alilisema vizuri, bila kutetemeka, kwa sauti nzuri ya Bwana Kheri. Hidaya akainua mkono wa kulia, akaupunga kidogo, akaendelea kuchagua nyanya.

Waliokuwa karibu walisema Bwana Kheri ni muungwana kweli, anavyomkumbuka mgeni asiye na mtu.